Mashine Isiyoogopa Maji

Amri ilisomwa Jumatatu asubuhi, sokoni Rumonge, mwezi wa tano mwaka 1972. Aliyeisoma alikuwa karani mpya wa ofisi ya komini, mtu wa milimani aliyekuwa hajamaliza mwezi pwani, naye alipanda juu ya kreti la bia ili aonekane. Kila mwenye boti aing'oe injini yake na kuileta ofisini kabla ya Jumatano saa sita. Boti zitembee kwa kasia tu, tena kandokando ya ufuo. Atakayeficha injini atahesabiwa adui wa nchi. Alisoma kwa Kifaransa, akasoma kwa Kirundi, na alipofika kwenye Kiswahili alikuwa ameshachoka.

"Moteri zote. Siku ya Jumatano. Musikie muzuri."

Mwanvua binti Lukeba alisikia vizuri sana. Alikuwa na ndoo ya mawese kichwani, na haikuyumba. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, mwenye mabega mapana, ulimi mkali, na tabia moja ambayo wanaume wa Rumonge waliiita mbaya: hakupenda kuambiwa la kufanya. Alisubiri karani ashuke kwenye kreti, akaenda zake kwenye kinu chake cha mawese akitembea taratibu, asije akaonekana ana haraka.

Maana kinuni kwake, nyuma ya magunia ya makapi ya ngazi, zile tunda za mchikichi, alikuwa amejificha mkwe wake, Mwalimu Ntirampeba, mume wa Zena, binti yake wa pekee.

Mwisho wa Aprili watu wenye mapanga walikuwa wamepita pwani wakaua. Kisha likaja jeshi kulipiza, likalipiza kwa wasiohusika. Malori yalipita shuleni na maofisini na karatasi za majina, yakabeba walimu, makarani, wanafunzi, Mhutu yeyote aliyejua kushika kalamu. Lori lilipofika shuleni kwa Ntirampeba, yeye alikuwa chooni. Wenzake wawili waliambiwa wapande tu, wakajibu maswali mawili matatu, jioni watarudishwa. Walipanda na daftari zao mkononi. Jioni ilifika, zikafika na nyingine kumi, hawakuonekana.

Barabara zote zilikuwa na vizuizi vya askari. Iliyobaki ilikuwa njia ya ziwa, kwenda kusini mpaka Kagunga, kijiji cha kwanza cha Tanzania. Kwa kasia ungechukua usiku kucha na mchana wake, na askari wa Nyanza-Lac, mji ulio njiani, wangekuona mapema kabisa. Kwa injini ni mwendo wa saa tano, saa sita ukichelewa. Na injini ndiyo hiyo sasa inatakiwa ofisini. Mwalimu angetoka hai kwa mashine ile au asingetoka kabisa.

Sasa lazima niieleze mashine yenyewe, kwa sababu mji mzima wa Rumonge uliwahi kuicheka, na wengine walicheka kwa sauti kubwa mno.

Mume wa Mwanvua aliitwa Idi, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa lile, mwenye boti nzuri ya mbao iliyopakwa chokaa nyeupe. Boti hiyo ilikuwa na injini ya esansi, yaani petroli, iliyotolewa kwenye lori, nyepesi, yenye mbio. Mwaka 1961, akitoka Gitaza na shehena, dhoruba ilimkuta karibu na Muhuta. Maji yaliruka yakalowesha buji, zile zinazotoa cheche, na injini ikakohoa mara tatu ikanyamaza. Waliookoka walisimulia kwamba Idi alivua shati akawa anafuta buji moja baada ya nyingine, anazirudisha, anajaribu tena, na alikuwa bado anafuta wimbi lilipomzoa. Boti iliokotwa ufuoni na injini yake ndani, haijavunjika kitu. Idi aliokotwa siku ya tatu.

Mwaka uliofuata ukaja Uhuru. Ngoma zilipigwa, ng'ombe wakachinjwa, na Waswahili wa Rumonge wakacheza na wenzao mpaka vumbi likapanda. Lakini kabla ngoma hazijawambwa upya, maneno yalianza. Baba yake Mwanvua, mzee Lukeba, alitoka Kongo enzi za Wabelgiji akaajiriwa kutunza mashine ya kinu cha mawese. Mwanvua mwenyewe alizaliwa hatua thelathini kutoka kwenye kinu hicho. Hata hivyo alipokwenda kuomba kibali cha boti kwa jina lake, karani wa wakati ule alimtazama kutoka kwenye kilemba mpaka kwenye ndala.

"Wewe uko mutu wa Kongo. Uhuru umekuja, mama. Rudi kwenu."

"Kwetu ni hapa nyuma ya soko," Mwanvua alimjibu. "Ukitaka nikuoneshe, simama twende."

Kibali alikipata baada ya kurudi ofisini mara tisa. Siku hiyohiyo aliita mchoraji akamwandikia jina ubavuni mwa boti, herufi nyekundu kubwa: SIHAMI. Watu walimwambia unachokoza. Akasema ndiyo.

Ikabaki kuchagua injini. Fundi Ramazani, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa magari na maboti wa mji, alikuja akajishika kiuno na kutoa hukumu. Injini ile ya esansi haina kosa lolote, aipanguse tu, abadilishe buji, airudishe. Mwanvua hakutaka hata kuisikia. Kulikuwa na nyingine ya kuning'iniza nyuma ya boti, mpya, iliyokuwa ikiuzwa Usumbura, lakini nayo ilikuwa ya esansi na cheche, nayo ingelowa.

"Mashine inayoogopa maji, ziwani inatafuta nini?" aliuliza Mwanvua.

Siku zilezile mwenye kinu cha mawese, Mgiriki mmoja, alikuwa anafunga virago. Banda na kinu chenyewe aliviacha, Mwanvua akavichukua, na mashine ya kinu aliiuza kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba. Ilikuwa mashine ya mazutu, yaani dizeli, yenye pistoni moja nene na gurudumu zito la pembeni ambalo mafundi huliita volani. Haikuwa na buji wala betri. Unaizungusha kwa mkono kwa manivela, inaguna, inashika, inaanza kusema tu-tu-tu, na hata ukiimwagia ndoo ya maji inaendelea kusema. Mwanvua alilala na kuamka na sauti hiyo miaka yote ya utoto wake. Baba yake alimfundisha kuisikiliza, na akiwa na miaka kumi na miwili aliweza kujua valvu imelegea akiwa nyumbani anasonga ugali.

Ramazani alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Zena, ile iko mashine ya kinu! Kilo mia ine! Mutumbwi itashuka chini na wewe juu yake."

"Kama itashuka, nitashuka mimi. Wewe utabaki juu unacheka."

"Mbele ya hawa watu wote nasema: moteri ya boti yako ni ile ya esansi. Ile ingine ni ya kinu, itakufa iko ya kinu."

Alisema, na maneno hayo akayarudia miaka kumi, kila alipopata msikilizaji. Hata hivyo alikuja kusaidia, kwa sababu asingevumilia kuona chuma kinabebwa vibaya. Waliiviringisha juu ya magogo ya michikichi hadi majini. Waliiweka si nyuma pale ilipokuwa ya zamani, bali karibu na kati, juu ya mihimili miwili mipya, ili boti isikae kitako. Kosa lao lilikuwa kuiunga moja kwa moja na ufito wa helisi, ile inayosukuma maji. Mashine ya kinu haijui kusubiri. Iliposhika tu, boti iliondoka na Ramazani akiwa amesimama juu ya ukingo, ikapita katikati ya vichanja vya ndagala na kuingia kwenye matete, na Ramazani akatoka humo bila kofia. Baada ya hapo Mwanvua akarudi kinuni akachukua mkanda wa ngozi uliokuwa ukizungusha kinu, pamoja na mti wake wa kuukaza na kuulegeza. Mkanda ukikazwa, boti inakwenda. Ukilegezwa, boti inasimama na mashine inaendelea kuunguruma.

Ile ya esansi aliiweka jikoni pembeni, chini ya gunia. Wanunuzi walikuja, akawafukuza. Hakuwa tayari kumuuzia mtu kitu kilichomuua mumewe, basi ikakaa pale miaka kumi, kuku wakalalia juu yake.

Kuna kicheko kimoja zaidi ambacho sharti nikitaje, kwa sababu baadaye kilikuja kuwa na kazi. Mwaka fulani mazutu iliadimika. Mwanvua akakumbuka baba yake akisema mashine ile ikishapata moto inakubali hata mawese. Akaiwasha kwa mazutu kidogo, ilipopata moto akaibadilishia mawese, ikaenda vizuri, moshi ukinuka maandazi ufuo mzima. Akarudi, akaizima, akaenda kulala akijisifu. Asubuhi haikuwaka. Mawese yalikuwa yameganda ndani ya mabomba yote, magumu, ya njano, vilevile yanavyoganda kila asubuhi kwenye chupa ya kila mpishi wa Rumonge. Mwanamke aliyezaliwa kinuni akasahau kwamba mawese huganda! Ilibidi achemshe maji sufuria kwa sufuria na kuyamwagia mabomba, huku wanawake wa soko wamekaa kwenye mchanga wanamhesabia. Tangu siku hiyo alizungusha bomba la mafuta kwenye bomba la moshi ili yapate joto, na hakuizima mashine kamwe ikiwa na mawese ndani.

Basi turudi kwenye ile Jumatatu.

Mwanvua hakumwambia Zena kwamba amefikiri jambo. Alimwambia aondoe gunia lililoko jikoni, afukuze kuku, na apanguse kilicho chini yake. Mchana mvua ilipoanza waliivuta boti hadi chini ya banda la kinu, ambalo nguzo zake za mbele zimesimama majini, pale mapipa ya mawese yalipokuwa yakipakiwa zamani. Ndani ya banda, msingi wa saruji wa mashine ulikuwa bado upo na bolti zake nne zimesimama. Kwa miaka kumi Mwanvua alianikia pilipili juu yake. Wanawake watatu waliokuwa wakimkamulia ngazi kwa mkono walimwona anaondoa pilipili, wakatazamana, wakasogea kusaidia bila kuuliza. Mwalimu alitoka kwenye makapi akiwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, akashika gogo.

Kufikia Jumanne jioni mashine ya kinu ilikuwa imekaa juu ya msingi wa kinu, bolti zimekazwa, mkanda umefungwa kwenye kinu, ikawashwa kidogo kujaribiwa. Na ndani ya SIHAMI, juu ya mihimili yake ya zamani, ilikaa injini ya esansi, imepakwa grisi inang'aa.

Jumatano saa nne Mwanvua aliifungua injini hiyo ufuoni, mbele ya watu. Mji mzima ulitazama. Mji mzima ulikuwa umesikia tu-tu-tu ya boti ile miaka kumi, na hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba hiyo siyo. Hakuna aliyefungua mdomo. Aliipakia kwenye mkokoteni akaipeleka.

Uwanja wa komini ulikuwa na injini kumi na saba zimepangwa kwenye majani. Sajini mmoja alikuwa anapita akiandika, na pembeni yake, amepewa kazi ya kuthibitisha kila injini kwa kuwa ndiye fundi, alikuwa Ramazani. Mwanvua alimwona, akapunguza mwendo wa mkokoteni. Hakuwa amemwambia chochote. Alikuwa amemtukana hadharani si chini ya mara mia.

"Hii iko ya boti gani?" sajini aliuliza.

"Ile nyeupe," alisema Mwanvua.

Karani mpya alidakia. "Lakini jana jioni nilisikia mashine inalia kule kwake kinuni."

Sajini akamgeukia Ramazani. Fundi alichuchumaa, akapuliza vumbi la kuku lililosalia kwenye buji, akaitazama injini kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akajishika kiuno, na uso wake ukakunjamana kwa hasira ambayo kila mtu wa Rumonge aliijua.

"Afande, mimi mwaka sitini na mbili nilimwambia huyu mama, mbele ya watu: moteri ya boti yako ni hii. Ni hii! Akabisha. Nikamwambia tena, akabisha. Ile ya kinuni ni mashine ya kinu. Ilikuwa ya kinu wakati wa Wabelgiji, iko ya kinu leo. Uliza mutu yeyote hapa kama Ramazani hakusema hivyo miaka kumi."

"Kweli alisema," alidakia mvuvi mmoja kwenye foleni.

"Alisema sana," akaongeza mwingine. "Mpaka tukachoka."

Sajini aliandika. Mwanvua alikuwa anaangalia miguu yake, akiuma midomo asije akacheka. Alipoinua uso alisema kwa upole, "Ichukueni, afande. Mukaitumie ziwani, siku ya upepo." Sajini akamshukuru.

Tangu Jumatano hiyo mashine ililia kinuni kila siku toka asubuhi. Kila siku saa tano na nusu Mwanvua aliizima, na kila siku saa saba na nusu akaiwasha. Askari waliokaa kwenye kizuizi cha barabara, juu kidogo ya banda, siku ya kwanza waligeuza shingo. Siku ya pili hawakugeuza. Alikuwa anawazoesha, na alikuwa anakamua mawese, maana ndiyo yangekuwa mafuta ya safari. Mazutu iliyomsalia ilijaa chupa mbili za bia tu.

Ijumaa wanaume walipokwenda msikitini, mlango wa nyuma wa banda ulifunguka, Ramazani akaingia na mfuko wa spana.

"Ijumaa ya kwanza kukosa swala tangu nitahiriwe," alisema. "Dhambi hii utaibeba wewe."

"Nilikuita?"

"Hukuniita. Ungekaza vibaya."

Walifungua bolti nne. Walitoa volani kwanza ili mzigo upungue, kisha wakapaka magogo mawese na kuisukuma mashine ikateleza hadi kwenye boti, Mwalimu na Zena upande mmoja, wanawake wa kinu upande mwingine, na fundi akinong'ona matusi. Boti ilizama kiganja kimoja, ikatulia. Volani ikarudi, mkanda ukafungwa. Saa saba na nusu, na mvua inaanza kushuka, Mwanvua alishika manivela.

Zena alimshika mkono. "Mama, watasikia."

"Wamekuwa wakisikia tangu Jumatano."

Mashine iliguna, ikashika. Juu kwenye kizuizi askari walijikunyata chini ya turubai, na hakuna aliyegeuka. Mwanvua alikaza mkanda polepole na SIHAMI ikatoka chini ya banda, ikaingia kwenye mvua, Mwalimu amelala chali chini ya turubai katikati ya madumu ya mawese, Zena kwenye usukani. Ramazani alibaki bandani. Kwa kuwa sauti ingefifia, alichukua nyundo akaanza kugonga msingi mtupu wa saruji, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayetengeneza mashine iliyoharibika. Aligonga mpaka magharibi, na kesho yake akagonga tena kutwa.

Mazutu iliisha wakiwa mbali, milima ya Burundi imekuwa kivuli tu mashariki yao. Mwanvua alikuwa ameshafungulia mawese, na mashine ikayanywa bila kubadili sauti. Walikwenda hivyo saa tatu. Kisha, usawa wa Nyanza-Lac, Mwalimu alichungulia akaona kitu cheusi mbele, chini, kinatembea.

"Mama! Iko boti! Zima moteri!"

"Sizimi."

"Mama, nakuomba. Watatusikia!"

"Nikizima mawese yanaganda. Yakiganda tunakaa hapa mpaka watufikie, wewe unafuta mabomba kwa shati." Aligusa bomba la mafuta kuhakikisha lina joto. "Mume wangu alikufa anafuta. Mtoto wangu hafi anafuta. Tunapita."

Alikaza mkanda zaidi na kuielekeza boti palepale, kwenye kile kitu cheusi. Zena alilia kwa woga, na hakuachia usukani. Walipokaribia waliona ni mtumbwi wa kuchonga, watu tisa ndani yake, wanawake kwa watoto, ambao walikuwa wakipiga maji kwa kasia mbili na sufuria. Sasa walikuwa wameacha kupiga, wameinamisha vichwa, wanasubiri kuuawa, kwa kuwa walijua injini zote za ziwa zimo mikononi mwa jeshi.

Mwanvua alilegeza mkanda. Boti ikasimama na mashine ikaendelea kuunguruma.

"Amahoro! Amani!" aliwapigia kelele. "Shikeni kamba! Mtaomba dua baadaye!"

Aliwavuta mpaka Kagunga. Walifika jua linazama, mvua imekatika, na watu wa kijiji wakaingia majini mpaka kiunoni kupokea watoto. Mwalimu aliposhuka alikaa kwenye mchanga akiwataja wale walimu wenzake wawili kwa majina, mara kwa mara, mpaka Zena akamfunika khanga.

Kwenye meza chini ya taa ya chemli palikuwa na bwana mmoja mwenye daftari, mpole, anaandika wakimbizi. Aliandika tisa, akaandika Zena, akaandika Ntirampeba. Kisha akamtazama Mwanvua aliyekuwa ameshika sufuria, akiomba wenyeji maji ya moto kwa ajili ya asubuhi.

"Na wewe mama, nikuandike nani?"

"Usiniandike. Mimi narudi kwetu."

Zena aliruka. "Mama, utarudi kwa nani? Kule watakuua! Baki hapa na sisi."

"Kwenu ni wapi, mama?" aliuliza yule bwana. Alimsikia anavyozungumza, akadhani ng'ambo, Kongo, na alikuwa ameanza kugeuza shingo magharibi.

"Rumonge," alisema Mwanvua. "Nyuma ya soko."

Alimkumbatia binti yake kwa nguvu sana na kwa muda mrefu, na alilia, sitasema hakulia. Kesho yake alimwaga maji ya moto juu ya mabomba, akazungusha manivela mara nne, ikashika. Karibu na mji aliizima, akasubiri kwenye matete, akaingia Rumonge kwa kasia Jumapili asubuhi, mashine imefunikwa turubai, wakati karani na sajini wako kanisani. Wanawake wa kinu walikuwa wamekwisha kupaka magogo mawese.

Jumatatu saa mbili tu-tu-tu ilisikika tena. Karani alipita, akachungulia bandani, akaona mashine imekaa kwenye msingi wake na kinu kinazunguka.

"Imepona?"

"Imepona, murakoze," alishukuru Mwanvua, na karani akaenda zake.

Ramazani alikuwa anakaza tena nati ya nne. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya nyundo, na hakuacha kulalamika. Alipomaliza aliipiga mashine kofi ubavuni.

"Si nilisema? Mashine ya kinu."

"Mpaka Ijumaa," alisema Mwanvua.

Fundi alijifuta mikono. Alichukua bakuli la ugali lililofunikwa, ambalo alikuja nalo kutoka nyumbani kwake, akazunguka nyuma ya magunia ya makapi, na huko mtu mwingine aliyekuja kujificha akakohoa.